Yafa ya zamani: bandari ya Yona na Petro



Wiki chache zilizopita, katika kipindi cha asubuhi, tulihubiri juu ya nabii Yona. Tulisema kwamba alishuka mpaka Yafa, bandari kubwa ya Waisraeli, akakuta merikebu imefungwa kwenye gati, akalipa nauli, akapanda. Baada ya kipindi, papa mmoja mzee ambaye alifanya kazi miaka mingi katika maboti ya Ziwa Tanganyika alitujia na swali moja tu: "Mchungaji, hiyo gati ilijengwa na nani?"

Tulinyamaza. Ilitubidi twende kusoma, na katika kusoma tumeona kwamba tulikosea mara mbili. Gati ile tuliyoihubiri tuliitoa katika mawazo yetu, na bandari yenyewe haikuwa ya Waisraeli. Basi karatasi ya wiki hii ni ya kusahihisha. Lakini pia tulipata mambo mengi ambayo hatukuyategemea, na tumeona si vizuri kubaki nayo peke yetu.

Tuanze na mahali penyewe. Yafa iko mashariki ya Bahari ya Mediterania, ile ambayo Biblia inaiita Bahari Kuu. Leo imeungana na mji wa Tel Aviv katika nchi ya Israeli. Ukichukua ramani utaona kwamba kutoka kwenye midomo ya mto Nile mpaka mlima Karmeli pwani imenyooka kama kamba. Hakuna ghuba, hakuna kisiwa cha kuzuia mawimbi, ni mchanga tu na upepo. Katika mstari huo mrefu kuna kilima kimoja chenye urefu wa kama mita 40 kinachosimama juu ya maji. Mbele yake, ndani ya bahari, kuna safu ya miamba inayovunja nguvu ya mawimbi. Nyuma ya miamba hiyo mashua ndogo inaweza kutulia kidogo. Hiyo ndiyo bandari ya Yafa. Mungu hakuiumba bora kuliko hapo.

Na miamba ile ile inayolinda ndiyo inayoua. Mwandishi Myahudi Josephus, aliyeishi siku za mitume wa mwisho, anaeleza habari ya mwaka 67 baada ya Kristo, wakati Wayahudi walipoasi Roma. Watu ambao miji yao ilikuwa imebomolewa walikimbilia Yafa, wakajiundia merikebu, wakaanza kunyang'anya mali za wasafiri wa baharini kati ya Siria na Misri. Jemadari Vespasian akatuma wapanda farasi na askari wa miguu. Watu wa mji, walipoona hawana nguvu za kupigana, walikimbilia merikebuni usiku, wakalala juu ya maji mbali kidogo na mishale. Alfajiri ukavuma upepo mkali ambao mabaharia wa pale waliuita upepo mweusi wa kaskazini. Merikebu ziligongana zenyewe kwa zenyewe, nyingine zikasukumwa juu ya miamba. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia, kwa sababu pwani walikuwapo Warumi. Josephus anasema miili iliyotupwa ufukweni ilihesabiwa 4,200. Wale kati yenu ambao mmewahi kukutwa na upepo katikati ya ziwa usiku hamhitaji maelezo zaidi.

Sasa swali linakuja lenyewe: kama mahali ni pabaya hivyo, kwa nini watu walijenga mji pale? Jibu ni kwamba hapakuwa na pengine. Nchi ya nyuma ilikuwa na ngano, zabibu na mafuta ya mizeituni, na watu wa milimani walitaka vitu vya ng'ambo. Mtu anayehitaji mlango hatauacha kwa sababu una kizingiti kibaya.

Na walianza mapema sana. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba karibu mwaka 1800 kabla ya Kristo kilima kile kilikuwa tayari kimezungukwa na boma la udongo ulioshindiliwa. Ukilinganisha na hesabu ambayo wengi wanaitumia, hizo ni kama siku za Abrahamu na wanawe. Wenyeji walikuwa Wakanaani. Jina la mji wengi hulihusisha na neno la Kiebrania lenye maana ya uzuri. Wamisri waliuita Yapu, na jina hilo limechongwa katika hekalu la Karnak, kwenye orodha ya miji ambayo Farao Thutmose wa Tatu aliishinda katika karne ya 15 kabla ya Kristo.

Juu ya ushindi huo Wamisri walibaki na hadithi. Imeandikwa kwenye karatasi ya mafunjo ambayo leo imehifadhiwa London, nayo inasimulia hivi: Mkuu wa Yafa alikuwa amemwasi Farao. Jemadari Djehuty akamwalika kambini, wakanywa pamoja, kisha akampiga kichwani kwa rungu la mfalme. Baadaye akaagiza vikapu 200, akaficha askari 200 ndani yake, na watu wengine 500 wakavibeba. Mke wa mkuu aliambiwa kwamba mume wake ameshinda, na kwamba vikapu vile ni mateka na kodi. Malango yakafunguliwa. Askari wakatoka vikapuni na mji ukatekwa. Djehuty ni mtu aliyeishi kweli, jemadari wa Thutmose. Habari ya vikapu tunaichukua kama hadithi ya askari wanaojisifu jioni motoni. Hata hivyo ina jambo moja la kweli: aliyetaka Yafa alipaswa kwanza kupata lango lake.

Tangu hapo Misri ilikaa Yafa zaidi ya miaka 300. Kuna barua za udongo zilizopatikana Misri, mahali panapoitwa Amarna, ambazo wakuu wa Kanaani walimwandikia Farao katika karne ya 14. Mmoja wao anajitetea kwamba yeye ni mtumishi mwaminifu, anayelinda lango la Gaza na lango la Yapu. Barua nyingine inataja ghala ya nafaka ya Farao iliyokuwa Yapu. Tunaposoma Kutoka tunawaza Wamisri wako Misri, na Kanaani iko mbali ng'ambo ya jangwa. Kumbe mkono wa Farao ulikuwa umefika mpaka pwani ya Kanaani, ukala ngano yake.

Katika miaka ya 1950 mchimbaji Jacob Kaplan alifukua juu ya kilima mawe ya lango hilo, na juu yake yamechongwa majina ya Farao Ramesses wa Pili, aliyetawala karne ya 13. Leo mtu akitembea kwenye bustani ya Yafa ataona mfano wa lango hilo umesimamishwa pale pale. Wachimbaji waliorudi miaka ya karibuni waligundua kwamba lango liliungua. Boriti za mwerezi zilianguka, matofali ya udongo yakaiva kwa moto kama matofali ya tanuru, na chini yake zikapatikana mbegu zilizogeuka makaa. Kwa mbegu hizo walipima miaka: moto ule uliwaka katika karne ya 12 kabla ya Kristo. Vyungu walivyokuta vilikuwa vya namna ya Kimisri, lakini vimefinyangwa kwa udongo wa pale pale Yafa. Askari wa kigeni walikuwa wamekaa kiasi cha kujifinyangia vyungu vya kupikia vya kwao, na bado wenyeji hawakuwazoea. Baada ya moto huo utawala huo wa Wamisri juu ya kilima ulikoma.

Hapo ndipo Biblia yetu inapoingia, na hapa tunaomba mfungue Yoshua 19. Kabila la Dani lilipewa nchi inayofika mpaka kuelekea Yafa. Someni vizuri: mpaka ulielekea Yafa. Kisha Waamuzi 1 inasema Waamori waliwasukuma Wadani milimani wasishuke bondeni, na mwisho wa kitabu tunawaona wakihamia kaskazini kabisa. Walioinuka pwani katika miaka hiyo ni Wafilisti. Kwa hiyo Yafa iliandikwa kwenye hati ya Israeli, lakini ufunguo ulikuwa kwa watu wengine.

Siku za Sulemani mlango huo ulitumika kwa kazi ya Mungu. Hiramu mfalme wa Tiro alikubali kukata mierezi Lebanoni, kuifunga iwe chelezo, na kuielekeza kwa bahari mpaka Yafa, ili watu wa Sulemani waipandishe Yerusalemu. Mambo hayo yako katika 2 Mambo ya Nyakati 2. Na baada ya uhamisho wa Babeli, Ezra 3 inaeleza mpango ule ule kwa hekalu la pili: mierezi, bahari, Yafa. Kutoka Yafa mpaka Yerusalemu ni kama kilometa 60, na njia inapanda zaidi ya mita 700. Tumewahi kubeba mbao za kujenga kanisa mlimani. Mbao za mtu mmoja mmoja, si magogo ya mwerezi. Tulipoifikiria safari hiyo tuliacha kusoma mistari ile haraka haraka.

Tuangalie pia jinsi miti ilivyofika. Chelezo haihitaji gati. Unaisukuma mpaka kwenye mchanga, unaifungua, unavuta gogo moja moja. Papa mzee, nusu ya jibu lako iko hapo.

Sasa Yona mwenyewe. Kitabu cha 2 Wafalme 14 kinamtaja wakati wa Yeroboamu wa Pili, katika karne ya 8, na kinasema alikuwa mtu wa Gath-heferi, kijiji cha Galilaya si mbali na mahali ambapo baadaye palikuwa Nazareti. Mtu wa Galilaya anayetafuta bahari alikuwa na Ako karibu zaidi, na Tiro haikuwa mbali. Yona aliyapita hayo, akashuka kusini mpaka Yafa. Ninawi ilikuwa mashariki, karibu na Mosul ya leo katika Iraki. Kila hatua aliyoipiga ilikuwa kinyume na alikotumwa, na hata bandari aliichagua ya mbali.

Na alipofika hakukuta ndugu zake. Mwaka 701 mfalme Senakeribu wa Ashuru alishuka pwani kwa vita, vita vile vile vilivyomfikia Hezekia Yerusalemu. Katika maandishi yake anataja miji aliyoiteka kutoka kwa Sidka mfalme wa Ashkeloni, na Yafa ni mmoja wao. Ashkeloni ni Wafilisti. Hivyo katika karne hiyo ya Yona bandari ilikuwa mikononi mwao, na mabaharia wake walikuwa watu wa mataifa mbalimbali. Ndiyo sababu tufani ilipokuja kila mmoja alimlilia mungu wake. Tulikuwa tumeuhubiri mstari huo mara nyingi bila kuuliza kwa nini merikebu moja ilikuwa na miungu mingi hivyo.

Jambo lingine lilitushangaza. Senakeribu aliweka makao yake Ninawi. Yona aliondoka Yafa ili asiione Ninawi, na baadaye jeshi la mfalme wa Ninawi lilikuja lenyewe mpaka Yafa.

Wakati wa Waajemi mji ulipewa watu wa Sidoni. Hilo limechongwa juu ya jeneza la jiwe la mfalme wao Eshmunazar, lililofukuliwa mwaka 1855 na kupelekwa Ufaransa, Paris. Anasema kwamba bwana wa wafalme alimpa Dori na Yafa, nchi nzuri za ngano. Kisha wakaja Wayunani. Mabaharia wao walisimulia kwamba kwenye miamba ya Yafa ndipo binti mfalme Andromeda alifungwa minyororo ili aliwe na mnyama wa baharini, na siku za Josephus watu walikuwa bado wakionyesha alama za minyororo hiyo. Hilo tunaliacha na Wayunani wenyewe.

Hatuwezi kuacha, ingawa ni habari ya uchungu, jambo lililoandikwa katika kitabu cha pili cha Makabayo, kitabu ambacho hakimo katika Biblia tunayoitumia sisi, lakini kinatunza historia ya wakati ule. Karibu miaka 160 na kitu kabla ya Kristo, watu wa Yafa waliwaalika majirani zao Wayahudi kupanda mashua pamoja na wake zao na watoto wao, kana kwamba ni matembezi ya urafiki. Mji wote ulikuwa umekubaliana. Walipofika kwenye maji ya kina wakawazamisha, watu wasiopungua 200. Yuda Makabayo aliposikia alikuja usiku, akatia moto bandari na mashua zake. Miaka 20 hivi baadaye ndugu yake Simoni aliutwaa mji, akawatoa waliokuwamo, akaweka Wayahudi, na Yafa ikawa njia yao ya kwenda visiwani. Basi ni hapo tu, kama miaka 140 kabla ya Kristo, ndipo Yafa ilipokuwa kweli mikononi mwa Wayahudi. Toka Yoshua mpaka hapo hesabuni wenyewe karne ngapi. Na hawakukaa nayo kwa amani: mwaka 63 Pompey wa Roma aliwanyang'anya, na mwaka 47 Julius Caesar akawarudishia.

Halafu akaja Herode, yule wa watoto wa Bethlehemu. Yafa ilimpinga, akaiteka kwa nguvu. Lakini Herode alikuwa mjenzi, na macho ya mjenzi yaliona yale yale aliyoyaona papa wetu: hapa hakuna gati. Akaenda kaskazini, zaidi ya kilometa 50, mahali palipoitwa Mnara wa Strato, na kuanzia kama mwaka 22 kabla ya Kristo alijenga mji mpya na bandari ya kutengenezwa kwa mikono. Aliteremsha baharini masanduku makubwa ya mbao, akayajaza chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkeno kutoka Italia, aina inayoshika na kuwa jiwe hata ndani ya maji. Sisi tunaoishi karibu na volkeno tulitabasamu tuliposoma hayo. Kazi ilichukua kama miaka 12. Mji aliuita Kaisaria, kwa heshima ya Kaisari Augusto. Merikebu kubwa zikahamia huko, na maliwali wa Roma wakakaa huko. Yafa ikabaki na mashua zake, wavuvi wake, na watu wa kazi ndogo ndogo.

Katika mji huo uliopitwa ndimo Petro alimokuwa, Matendo 9 na 10. Alikuwa ameitwa kwa ajili ya Tabitha, mama aliyewashonea wajane nguo. Akakaa siku nyingi kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Kazi ya ngozi ina harufu, na inamfanya mtu ashike mizoga kila siku. Mishna, mkusanyo wa sheria za walimu wa Kiyahudi wa karibu mwaka 200, inaagiza mahali pa kutengenezea ngozi pawe dhiraa 50 kutoka mjini. Petro, Myahudi aliyesema kinywani mwake hakijaingia kitu najisi, alikuwa tayari analala kwenye nyumba ya namna hiyo kabla nguo kubwa yenye wanyama haijashuka mbele yake pale darini. Mungu alikuwa amemwanzisha somo kabla ya maono.

Na Yesu alikuwa amemwita kwa jina gani? Simoni mwana wa Yona. Tulipolikumbuka jina hilo tulifunga kitabu kwa muda. Katika mji ule ule, Yona wa kwanza alitumwa kwa watu wa mataifa akatafuta merikebu. Mwana wa Yona naye alitumwa kwa watu wa mataifa, na miguuni pake kulikuwa na bahari ile ile. Watu watatu walisimama mlangoni wakiulizia jina lake: watumishi wawili na askari mcha Mungu wa Kornelio, akida wa kikosi cha Italia. Wametoka Kaisaria, mji wa Herode na wa Warumi. Petro aliwakaribisha ndani, wakalala. Asubuhi aliondoka nao kwa miguu, akielekea kaskazini, na kesho yake wakaingia Kaisaria.

Hakwenda peke yake. Ndugu sita wa Yafa walimfuata. Walikuwa watu wa tohara, watu wa mji ambao kwa karne nyingi Wayahudi na mataifa waligombania lango lake, na ambao mababu wa wengine walizama mbele ya miamba yake. Hao sita walikuwamo nyumbani mwa Kornelio Roho Mtakatifu alipowashukia wote waliolisikia neno, nao walishangaa kwa kusikia watu wa mataifa wakisema kwa lugha na kumtukuza Mungu. Baadaye, Petro alipopanda Yerusalemu, watu wa tohara walishindana naye, naye akawaonyesha hao sita: hawa hapa, tuliingia pamoja katika nyumba ya mtu yule.